Kitatange wa Capri Point

Jumamosi ile niliamka kabla ya adhana ya alfajiri, nikaoga mara mbili, nikabadili gauni mara tatu, mwishowe nikavaa lile lile la kwanza. Asinicheke mtu. Saa kumi jioni simu ingelia kutoka kwa mvuvi wa Dar es Salaam, Rahim angetaja samaki aliowachagua, Jumatatu wangepanda ndege kuja Mwanza, na baba yangu alikuwa ameshatamka mbele ya nyumba nzima kwamba barua ya posa ya Rahim haitajibiwa mpaka samaki hao wachaguliwe.

"Nataka nione kwanza kama kijana huyu anajua kuchagua," alisema, akaisokomeza barua mfukoni mwa kanzu yake. Wiki mbili zilikuwa zimepita. Kila alipobadili kanzu barua nayo ilihama, na macho yangu yakahama nayo.

Balaa lenyewe, balaa tamu, lililetwa na tangi. Mwaka huo wa 1997 Mwanza ilinukia minofu ya sangara na fedha mpya, na kila aliyepata alitaka aonekane kapata. Huyu alifunga dishi juu ya paa, yule alinunua gari la vioo vyeusi. Baba yangu, Mzee Yunus, aliyeanza na kibanda cha kamba na ndoano pale Kirumba akafikia duka la nyavu na injini za mitumbwi katikati ya mji, yeye alitaka bahari. Rubani mmoja wa ndege za minofu alipohama nchi alimwuzia tangi la kioo la urefu wa futi nane, pamoja na pampu zake na ndoo saba za chumvi maalumu, ile inayochanganywa na maji ya bomba yakawa sawa na ya baharini. Likawekwa sebuleni kwetu, Capri Point, kochi likahamishiwa varandani.

"Samaki wa ziwa kila mtu anaye," baba aliwatambia rafiki zake. "Nani mwingine ana bahari sebuleni?"

Tatizo ni kwamba bahari yake haikuwa na samaki. Watatu wa kwanza, alioletewa na mtu asiyejua lolote, waliuana ndani ya siku nne. Ndipo akaulizia mjuzi, akaelekezwa kwa Rahim, mzaliwa wa Pangani, mpima ubora katika kiwanda kimoja cha minofu huko Nyakato. Alikuja Jumamosi ya kwanza na kipima chumvi cha kioo mfukoni, akaniomba nimmulikie tochi nyuma ya pampu. Nikammulikia. Mwanga ulicheza ukutani hata akaniuliza, "Dada, betri zimekwisha?" Betri zilikuwa mpya. Mkono ndio uliokuwa umekwisha.

Tangu hapo maji yalihitaji kupimwa kila Jumamosi, hata yalipokuwa hayahitaji.

Aliyetugundua wa kwanza ni shangazi yangu, Safia. Huyu ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa na miaka sita, na shangazi, mjane asiye na mtoto, akafunga nyumba yake Tabora akaja kukaa nasi arobaini iishe. Arobaini ile ilikuwa na miaka kumi na minane sasa. Alikuwa amenipangia mume zamani: Twaha, mtoto wa kaka wa marehemu mume wake, kijana mnene mcheshi mwenye mabasi mawili huko Tabora. Baba naye alimpenda Twaha, maana Twaha alikuwa na kipaji cha kucheka vichekesho vya wazee. Mimi pia nilimpenda, kwa namna mtu anavyompenda binamu anayemaliza pilau.

"Huyu wa Pangani ana nani hapa Mwanza?" shangazi alizoea kuniuliza. "Ana nini, zaidi ya hicho kijiti chake cha kupimia chumvi?"

Basi ndiyo hali iliyokuwapo saa nane mchana, Rahim alipoingia na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, kitabu kikubwa cha picha za samaki kwapani.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," baba alijibu. Shangazi aliitikia akiutazama ungo wake wa mchele, akaendelea kuchambua. "Haya, kijana, nionyeshe samaki wangu," baba alisema.

Rahim alikifungua kitabu juu ya meza. Maandishi yake yalikuwa ya kizungu lakini picha ni picha. Baba aliinama, miwani ikamteleza hadi ncha ya pua, kidole kikatua juu ya samaki mmoja mkubwa, mdomo umepanuka kama mfuko.

"Huyu! Ana mwili huyu. Mgeni akiwa mlangoni tu, ameshamwona."

"Huyo ni chewa, Mzee. Mgeni atamwona, ndiyo. Atamwona peke yake. Wengine watakuwa tumboni mwake."

"Mbona anaonekana mpole?"

"Ni mpole kweli. Anawameza kwa upole. Samaki huwezi kumpima kwa sura, Mzee, unampima kwa mdomo. Chochote kinachoenea mdomoni mwake ni chakula chake."

"Baba, si ndivyo sangara alivyowafanya wale samaki wadogo, furu, hapa ziwani?" nikadakia.

"Sangara amekusomesha wewe," baba alinijibu. "Usimseme vibaya." Lakini kidole alikiondoa. Akakipeleka kwa samaki wa bluu wenye mkia wa manjano. "Basi nipe hawa wawili. Wanafanana kama pacha. Hawa ni ndugu, watapendana."

"Wanaofanana ndio wanaouana, Mzee," Rahim alisema, na macho yake yakapanda taratibu kutoka kitabuni yakanifikia mimi. "Wanataka pango lile lile, chakula kile kile, kona ile ile. Asiyefanana nawe, mgombee nini? Wewe una chako, yeye ana chake. Mnaishi."

Moyo wangu uliruka. Ungo wa shangazi nao ulisimama ghafla, maana hakuwa mjinga, na Twaha alikuwa wa ukoo.

Baba alisema kichwa kinamuuma kwa sheria nyingi namna hiyo; samaki gani hawa, wana masharti kama wakwe? Akaenda kujinyoosha chumbani, akamwachia Rahim kazi ya kuandika mpango wote kwenye karatasi ili ausome kabla simu haijalia. Tukabaki sisi wawili mbele ya tangi, na shangazi kwenye kiti chake hatua sita nyuma yetu. Hatua zile alikuwa amezipima.

"Nyumba iko tayari," Rahim alisema. Siku zote tangi aliliita nyumba. "Maji yametulia. Kilichobaki ni wakazi."

"Wataanza akina nani?"

"Hawa." Alinionyesha picha ya samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa, miili yao imefungwa mikanda myeupe. "Mume na mke. Wakipata kwao hawaendi mbali. Ukiwatenganisha hawali."

"Hawali kabisa?"

"Siku ya tatu utamkuta mmoja amelala chini ya jiwe, hataki hata kugeuka."

Nilipunguza sauti mpaka ikawa pumzi tu. "Na wewe je? Wakitutenganisha?"

Aliangalia majini. Nilimwona kwenye kioo, uso wake na wangu vimekaribiana kuliko ambavyo tungethubutu kukaribiana wenyewe.

"Mimi nitakula," alinong'ona. "Ila sitajua ninakula nini."

Nikacheka. Machozi yalinilenga hapo hapo, sijui kwa nini, furaha nyingi ina wazimu wake. Shangazi alikohoa kikohozi kirefu kisicho na mafua, na Rahim akakaa mezani kuandika. Aliandika haraka, akachana ukurasa, akaukunja mara nne, akanipa.

"Mpe Mzee akiamka. Mimi nakwenda nyuma kukoroga ndoo ya mwisho ya chumvi."

Hata hajafika mlango wa nyuma nilisikia, "Lete."

"Ni karatasi ya samaki, shangazi."

"Karatasi ya samaki ndiyo inakunjwa mara nne? Lete hapa, Mastura."

Nikampa. Ningeogopa nini? Nilijua ni ya samaki. Nikaenda jikoni kuandaa chai, nikiimba, nikipanga vikombe kwa idadi ya watu ninaowapenda, nikaweka na cha Rahim karibu na changu. Nilikuwa namimina maziwa niliposikia ungo ukianguka na mchele ukimwagika sakafu nzima.

"Kaka! Kaka Yunus! Amka uje uone nyoka uliyemfuga!"

Nilikimbia. Baba alitoka na fulana, kofia mkononi. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya mchele, karatasi mkononi, na akaisoma kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, sauti ya mtu aliyepigwa.

"Sikia mwenyewe. 'Mpango wa kuingia nyumbani kwa Mzee Yunus.' Umesikia? 'Waanze wadogo, wapole, wasio na makuu. Wapewe wiki mbili wazoee.' Haya. 'Yule mnene mwenye mdomo mpana, ambaye Mzee anampenda, asije kabisa. Atawamaliza wenzake.' Twaha huyo, kaka! Twaha wa watu amemkosea nini? 'Wawili wa umbo moja wasiwekwe pamoja, hata wakiwa ndugu.' Na sasa sikia langu." Akaipiga karatasi kwa kidole. "'Kitatange ndiye tatizo. Sura nzuri, roho mbaya. Akitangulia kuingia hujifanya mwenye nyumba, kila mgeni anamdona. Kama yumo, atolewe kwanza, ndipo wengine waingie.'"

Karatasi nzima haikuwa na neno samaki. Rahim hakuona haja ya kuliandika, na katika lugha yetu, Mungu aibariki, samaki anaingia, anatoka, anapendwa na anatolewa sawasawa na binadamu.

"Shangazi, hayo ni mambo ya tangi!"

"Kitatange, Mastura? Kitatange ni wa tangini? Mimi tangu nimezaliwa kitatange namjua ni mtu. Mfitini. Mchonganishi. Bibi yangu alimwita hivyo mke mwenzake mpaka anakufa. Leo amekuwa samaki?"

Hata mimi kitatange niliyemjua alikuwa mtu. Neno lilipanda treni pwani miaka hiyo ya mababu, likashuka Tabora, likafika Mwanza, tukalitumia kutukania majirani, na hakuna aliyewahi kuuliza limetoka wapi. Nilikifunua kitabu cha picha nimtafute. Majina yote ya kizungu.

Rahim aliingia mbio, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, chembe za chumvi zimemgandia kwenye nyusi. "Kuna nini?"

"Kuna kitatange!" shangazi alimrukia. "Huyu hapa! Miaka kumi na minane nimeilinda nyumba hii. Nimemwogesha huyu mtoto, nimemtibu surua, nimekesha naye. Na wewe wa Jumamosi sita unaandika nitolewe kwanza ndipo uingie?"

"Mama, wallahi, kitatange ni..."

"Usinitajie tena!"

"Ni samaki, mama. Kwetu Pangani hata mtoto mdogo..."

"Kwenu! Kila kitu kwenu!" Sauti ikamkatika, akajifunika uso kwa ncha ya khanga, na mabega yakaanza kutikisika. Shangazi yangu halii. Hakulia hata alipovunjika mkono. Baba aliona, na uso wake ukabadilika.

"Rahim, mwanangu," alisema taratibu, "hebu ondoka kwanza."

"Mzee, nipe dakika moja nieleze."

"Nimesema ondoka. Siwezi kumwona dada yangu akilia mbele ya mgeni."

Neno hilo mgeni lilimkata, nilimwona. Aliniangalia mara moja tu. Hakuniomba kitu kwa macho yale, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akafuta mikono kwenye suruali yake nzuri, akasema, "Nisamehe, mama," akatoka. Nilisikia viatu vyake kwenye kokoto, kisha lango.

Nilitaka kumfuata. Baba alikaa, akaniita.

"Mastura. Kweli kuna samaki anayeitwa hivyo?"

Ningeweza kudanganya. Mapenzi yana haki ya uongo mdogo, watu husema. Lakini mbele yangu alikuwapo aliyenilea, analia.

"Sijui, baba. Sijawahi kumsikia. Lakini namjua Rahim."

"Unamjua," shangazi alisema ndani ya khanga. "Jumamosi sita."

Simu ikalia.

Ilikuwa saa kumi kamili. Tulitazamana watu watatu, simu inalia, inalia, mimi nikanyoosha mkono, lakini shangazi alikuwa ameshaufikia mkonga wa simu.

"Haloo!" Sauti upande wa pili ilikuwa nene, ya mtu aliyezoea kusema kushindana na upepo; sebule nzima iliisikia. "Shikamoo mama! Mimi Shekue, kaka yake Rahim. Kalamu ninayo, nitajieni samaki!"

"Wewe kijana," shangazi alisema, hakuitikia hata salamu, "kitatange ni nini?"

Nilishika ukingo wa meza.

"Kitatange? Ninaye hapa kwenye beseni, mama, nimemtoa majini asubuhi! Wa manjano na bluu, mzuri kama bibi harusi. Lakini mkorofi! Ameshamng'ata mwenzake mkia. Rahim alisema huyo nisimlete. Kwani mnamtaka?"

Baba aliifunika midomo yake kwa kofia. Mimi nilitaka kuruka, nikajizuia kwa kujiuma ulimi. Shangazi alisimama vile vile, mkonga sikioni, chozi moja limesimama katikati ya shavu halijui liende wapi.

"Yu hai?" aliuliza, chini kidogo.

"Yu hai, mama. Tunatazamana hapa."

"Kwa nini ni mkorofi?"

"Aa, watu wanamsingizia ukorofi. Ni woga tu. Akishapata pango lake, kila anayekuja anamdhania amekuja kumfukuza. Basi anadona, anadona, mwenyewe roho haina raha. Ukimjengea mawe ya kutosha, akaona pango lake halichukuliwi na mtu, anatulia kabisa. Mama? Haloo? Mama, upo?"

Shangazi aliulaza mkonga mezani bila kuukata, akakaa kitini, mchele unamlia chini ya miguu. Baba hakumcheka, na kwa hilo nitamheshimu mpaka nife.

"Kaka," alisema mwishowe, "Mastura akiolewa Tabora, ameolewa kwangu. Nitakwenda, nitarudi, nitashika wajukuu. Akiolewa na huyu, siku moja atapandishwa treni kwenda huko kwao baharini. Mimi nitabaki kuwa nani? Mtu aliyekuja arobaini akasahau kuondoka?"

"Shangazi!" Nilipiga magoti kwenye mchele, nikamshika mapaja. "Wewe ni mama yangu. Nani mwingine?"

Baba aliingia chumbani, akarudi na barua. Ilikuwa imekunjika hadi ikawa laini kama kitambaa.

"Nimekaa nayo wiki mbili," alisema. "Wote mmedhani nangoja samaki. Samaki walikuwa kisingizio. Posa ya binti ina shangazi wake, Safia. Mimi nimemzaa, wewe umemlea. Ningeijibuje peke yangu? Nilikuwa nangoja uniulize barua imesemaje. Hukuuliza hata siku moja."

Shangazi aliichukua. Aliisoma akiisogeza mbali na macho, midomo ikitamka pole pole. Alipofika katikati akarudi juu, akasoma tena.

"Wajomba zake wanasema hana mama."

"Alifariki mwaka juzi."

"Wanasema, 'tunaomba apokewe kama mtoto, si kama mgeni.'" Akainua uso. "Mbona sikuambiwa hana mama?"

"Ulimwuliza?"

Shangazi aliikunja barua kwenye mikunjo yake ile ile, akaiweka mapajani, akanitazama mimi, nami nikajua sasa inakuja.

"Nakuuliza mara moja, Mastura binti Yunus. Huyu kijana umeridhika naye?"

Kwa mila zetu mwali akiulizwa hivyo anainamisha macho na kunyamaza, na kimya chake ndilo jibu. Nilifundishwa hivyo na shangazi mwenyewe. Nikainamisha macho. Nikaona mchele sakafuni, na ile karatasi ya Rahim imelala juu yake. Siku ile ile nilikuwa nimeona maneno yaliyoandikwa kwa wino yakisomwa yasivyokuwa. Kimya changu je, kingesomwaje?

"Namtaka, shangazi," nilisema. Sauti ilitoka kwa nguvu hata simu ikanyamaza. "Namtaka Rahim. Simtaki mwingine. Na tukioana, tunakaa Mwanza, na wewe huendi popote."

"Astaghfirullah! Mbele ya baba yako!" Lakini mkono wake ulikuwa kichwani kwangu, na ulikuwa unanibembeleza. "Mtoto huna haya wewe. Sasa unanipigia kelele mimi nikuoe? Kijana wa watu anateremka mlima na chumvi usoni. Kimbia!"

Kutoka kwenye simu Shekue aliita, "Haloo? Sasa nilete wangapi?"

"Ngoja!" shangazi alimjibu. "Mwenye kuchagua yuko njiani. Na huyo kitatange usimwachie, nina maneno naye."

Sikusikia zaidi. Nilitoka pekupeku, ushungi umeanguka mabegani. Pale langoni mlinzi wetu, Mzee Mhoja, alisimama haraka kwenye kigoda chake.

"Ameteremkia balabalani," aliniambia kabla sijauliza. "Uso wake kama anatoka msibani. Kimbia, mwanangu, bado hajapita mawe!"

Nilikimbia. Kokoto zilinichoma nyayo, sikujali. Ziwa lilimetameta kushoto kwangu, wanawake walikuwa wanapanda na ndoo zao za dagaa kutoka Kirumba, na pale njia inapokata kona chini ya mawe makubwa niliona lile shati jeupe. Lilikuwa linakwenda taratibu, kama la mtu asiyejua anakokwenda.

"Rahim!"

Aligeuka. Alitazama miguu yangu kwanza.

"Mastura! Viatu vyako viko wapi?"

"Shangazi anakuita."

Uso ukamwanguka. "Nitarudi kumwomba radhi. Mwambie sikumkusudia yeye, naapa. Ningeandika tu neno samaki. Neno moja! Nimekuharibia kila kitu kwa uvivu wa neno moja."

"Hakuiti umwombe radhi. Anakuita akujibu."

"Anijibu nini?"

Pumzi zilinipaa, nikashindwa kusema mfululizo. "Shekue amepiga. Kitatange yuko kwenye beseni. Shangazi amezungumza naye. Yaani na Shekue. Ameisoma barua. Ameniuliza."

Alisogea hatua moja. "Amekuuliza. Ukanyamaza?"

"Sikunyamaza."

Nilimwona akishtuka, na kwa dakika hiyo moja alidhani amenikosa. Lo, nitamwomba Mungu anisamehe, lakini niliipenda ile hofu. Hapo ndipo nilipojua ninavyopendwa.

"Nilisema nakutaka," nikamwambia. "Kwa sauti. Mbele ya baba, mbele ya kaka yako kwenye simu. Nilisema simtaki mwingine."

Rahim alikaa juu ya jiwe, ghafla, kama mtu aliyekatwa miguu. Alicheka, akafuta macho kwa kiganja chenye chumvi, macho yakamwasha, akazidi kutokwa na machozi na kuzidi kucheka.

"Sema tena," aliniambia.

"Watu wanapita, Rahim."

"Sema tena, Mastura. Nina mwaka wa pili sijasikia mtu akisema ananitaka."

Mama mmoja wa dagaa alikuwa ametufikia, amesimama kutushangaa, mimi pekupeku na mwanamume mzima analia juu ya jiwe. Nikamtazama Rahim, nikasema tena, mara hii pole pole, neno kwa neno, ili lisisomwe vibaya na mtu yeyote. Yule mama akatua ndoo yake chini, hakuuliza sisi ni akina nani, akapiga kigelegele.